Maji Yasiyobadilika Rangi, Ladha Wala Harufu



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, kila aliyepita madrasa anaujua mlango wa kwanza wa fiqhi. Kabla ya swala kuna twahara, na kabla ya twahara kuna maji. Tulifundishwa kwamba maji mengi, yaliyofikia qullatain, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka ibadilike moja katika sifa zake tatu: rangi, ladha au harufu. Mtoto wa miaka minane anaweza kukusomea hayo akiwa amefumba macho. Na ni mlango wenye rehema ndani yake, kwa sababu Uislamu haukumtaka bedui wa jangwani awe na maabara. Ulimpa jicho, ulimi na pua, vikamtosha kwa ibada yake.

Mimi nafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu, lile somo ambalo wengi bado tunaliita Maarifa ya Uislamu, katika shule moja ya sekondari hapa Tarime. Nilikuwa nafundisha mlango huo huo wa maji, kijana mmoja anayetoka upande wa Nyamongo akanyoosha mkono. Akasema: "Ustadh, maji ya Mto Tigithe hayana rangi, hayana ladha, hayana harufu. Lakini nyumbani bibi anatukataza kuyanywa, anasema yana sumu ya mgodi. Sasa nikitawadhia, udhu wangu upo?"

Suala la udhu nilimjibu pale pale, maana jibu lake limo vitabuni. Najisi ni jambo moja na sumu ni jambo jingine. Kitu kinaweza kuwa twahara na bado ikawa haramu kukinywa kwa sababu ya madhara yake. Udhu wake upo, na bibi yake naye ana haki ya kukataza. Lakini nyuma ya swali lile kulikuwa na swali jingine ambalo hakulitamka: hiyo sumu ipo au haipo? Hilo, ndugu zangu, halimo katika kitabu chochote cha fiqhi. Na si aibu kwa vitabu vyetu kutokuwa nalo. Mtume (S.A.W.) mwenyewe, katika kisa cha kupandikiza mitende alichokipokea Imamu Muslim, aliwaachia watu wa Madina ujuzi wa mashamba yao, akawaambia kuwa mambo ya dunia yao wao ndio wajuzi zaidi. Aibu inakuja pale umma unapoachiwa mlango huo wazi halafu usiingie.

Kwa wasomaji wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ambao Tarime wanaisikia kwa habari za wizi wa ng'ombe na mapigano ya koo tu, nieleze kidogo. Mgodi wa dhahabu wa North Mara upo Nyamongo, wilayani Tarime. Ulianza uzalishaji mwaka 2002, mwaka 2006 ukaingia mikononi mwa kampuni ya Barrick ya Canada, ukawa chini ya African Barrick Gold na baadaye Acacia. Tangu mwaka 2019 Barrick inauendesha kwa ubia na Serikali kupitia kampuni ya Twiga, Serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Jirani na mgodi huo unapita Mto Tigithe, nao unamwaga maji yake katika Mto Mara. Mto Mara unatoka misitu ya Mau huko Kenya, unapita Maasai Mara, unaingia Hifadhi ya Serengeti, kisha unashuka ukizitenganisha wilaya ya Tarime na wilaya ya Serengeti mpaka unakaribia Ziwa Viktoria. Kwa hiyo ninapotaja wilaya hizi mbili, ninataja kingo mbili za mto mmoja.

Mwezi Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka eneo la mgodi yakaingia Tigithe. Kampuni ilieleza kuwa kuna watu waliiba karatasi ya plastiki iliyotandikwa kuzuia maji yasipenye ardhini. Wanavijiji wakalalamika juu ya ngozi zao, mifugo yao na watoto wao. Mwaka huo huo watafiti watatu, Manfred Bitala, Charles Kweyunga na Mkabwa Manoko, waliandika ripoti ya vipimo vya metali nzito na sayanaidi katika udongo, mashapo na maji ya jirani na mgodi. Kweyunga na Manoko, pamoja na Åsgeir Almås wa chuo kikuu kimoja cha Norway, walifanya pia vipimo vilivyojumuisha Geita. Miongoni mwa waliyoyakuta North Mara ni aseniki iliyopita mbali kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, ambacho ni mikrogramu 10 tu kwa lita moja ya maji ya kunywa.

Hebu tuitazame hii aseniki, kwa sababu ndiyo inayoufanya mlango wetu wa fiqhi uwe na kazi mpya. Haina rangi, haina ladha, haina harufu. Maji yenye aseniki yanafaulu mtihani wa sifa zote tatu bila kuyumba. Ukiyachemsha haitoki; maji yanapungua kwa mvuke na aseniki inabaki pale pale, imezidi ukali. Sayanaidi angalau huvunjwavunjwa na jua na hewa, lakini aseniki haivunjiki. Inakaa ndani ya miamba yenye dhahabu miaka na miaka bila kumdhuru mtu, mpaka mwamba upasuliwe, ukutane na hewa na mvua, ndipo tindikali inapozaliwa na kuzichukua metali kwenda nazo mtoni. Na anayeinywa kidogo kidogo haanguki siku ile. Inapita miaka, ngozi inatoka mabaka na magamba viganjani na nyayoni, na baadaye yaweza kuja saratani ya ngozi, ya mapafu au ya kibofu. Mtu atazikwa na watu watasema ni siku zake. Ni kweli ni siku zake, lakini Allah (S.W.) atatuuliza na sisi tulijua nini.

Kuna jambo linaloifanya kesi hii kuwa ngumu zaidi. Ukanda huu wa dhahabu unaozunguka Ziwa Viktoria una aseniki ya asili, na watafiti wameikuta katika maji ya ardhini. Kwa hiyo kampuni yoyote inaweza kusema: hii ilikuwepo tangu Mungu alipoumba milima, sisi tumeikuta. Na inawezekana hilo likawa kweli kwa kisima kimoja na uongo kwa kisima kingine. Nani atakayetenganisha?

Hapo ndipo mwanasheria na mkemia wanapokutana, wapende wasipende. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 4, inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inamfungulia njia ya kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa. Haki imeandikwa. Lakini mama wa Kewanja akisimama mbele ya jaji ataulizwa: maji haya yalikuwaje kabla ya mgodi? Mto juu ya mgodi ukoje, na chini yake ukoje? Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba ushahidi uko juu ya mwenye kudai, na mahakama zote za dunia zimejengwa juu ya hilo. Kadhi hahukumu kwa machozi.

Na bayyina yenyewe si chupa ya maji iliyochotwa na yeyote ikapelekwa popote. Itaulizwa: nani alichota, saa ngapi, kwa chupa gani, chupa ilisafishwa kwa nini, ilipita mikononi mwa nani kabla ya kufika maabara, ilikaa siku ngapi njiani, na mashine iliyoipima ilihakikiwa usahihi wake lini? Wanafunzi wa hadithi watatabasamu hapa, kwa sababu hii ni isnadi. Mpokezi mmoja asiyejulikana akiingia katikati ya mlolongo, hadithi yote inadhoofika. Maulamaa wetu waliijua kazi hii karne kumi na mbili zilizopita, wakaandika majuzuu juu ya hali za wapokezi. Leo mkemia anamwandikia kila chupa ya maji wasifu kama ule, na wengi wetu tunadhani ni elimu ngeni.

Mwezi Mei 2019 Serikali iliutoza mgodi ule faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi wa mazingira. Julai mwaka huo NEMC ikaamuru bwawa la topesumu lisitumike, amri iliyoondolewa Septemba. Haya yote yalihitaji mtu mwenye kipimo na mtu mwenye kifungu cha sheria. Hakuna mmoja wao angeweza peke yake.

Sasa nikuombe msomaji tuvuke daraja twende ng'ambo, wilaya ya Serengeti, maana huko kuna habari nyingine kabisa ya elimu.

Sijui kama kuna kipande cha ardhi Afrika kilichochunguzwa kama kile. Tangu Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipowahesabu wanyama kwa ndege ndogo mwishoni mwa miaka ya 1950, na Michael akafa katika ajali ya ndege hiyo mwaka 1959, wanasayansi hawajaondoka. Tunajua kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa kiasi cha 250,000, na kufika mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni 1.3. Tunajua hata kwa nini. Ugonjwa wa sotoka ulikuwa unaua ndama wa nyumbu. Ng'ombe wa vijijini walipochanjwa, kwa chanjo aliyoitengeneza Walter Plowright pale Muguga, Kenya, sotoka ikatoweka kwa nyumbu pia. Chanjo ya ng'ombe wa Mkurya na Mmasai ndiyo iliyoijaza Serengeti. Mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka imekwisha kabisa juu ya ardhi.

Tunajua kwamba mwaka 1994 homa ya mbwa iliua simba wapatao 1,000, theluthi ya simba wote wa Serengeti na Mara. Ukafuata utafiti juu ya mbwa wa vijijini, na humo wakaingia madaktari wa mifugo wa Kitanzania, mmoja wao marehemu Dkt. Magai Kaare, wakawa wanachanja mbwa kijiji kwa kijiji. Katie Hampson na wenzake walimfuatilia kila mbwa mwenye kichaa waliyemsikia katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro kati ya mwaka 2002 na 2007: alimng'ata nani, na yeye aling'atwa na nani. Isnadi tena! Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2009 yalionyesha kuwa mbwa mmoja mwenye kichaa anaambukiza, kwa wastani, zaidi kidogo tu ya mbwa mmoja, na kwamba ukichanja asilimia 70 ya mbwa ugonjwa unakatika. Hii si elimu ya kuwafurahisha watalii, ni elimu inayookoa watoto. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina dawa, na wanaong'atwa wengi ni watoto wanaochunga. Nasema hili kwa makusudi, kwa kuwa wapo ndugu zetu wakisikia neno mbwa hawakumbuki ila kuosha chombo mara saba, wanasahau kwamba Bukhari na Muslim wamepokea pia kisa cha aliyesamehewa madhambi yake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu.

Na teknolojia je? Kuanzia mwaka 2010 zilifungwa kamera 225 zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita, katika eneo la kilomita za mraba 1,125 ndani ya hifadhi. Picha zikapelekwa kwenye intaneti, watu wa kujitolea wapatao 28,000 duniani kote wakawa wanaangalia kila picha na kuandika: huyu fisi, huyu pundamilia, huyu amelala, huyu anakula. Mwaka 2018 wataalamu wakachapisha kwamba kompyuta iliyofundishwa kwa picha hizo inaweza kuifanya kazi hiyo yenyewe, kwa picha zaidi ya milioni tatu. Subhanallah! Mtu aliyekaa kitandani kwake Minnesota anajua fisi alipita chini ya mti gani wa Serengeti usiku wa tarehe gani. Mama wa Nyangoto, mwendo wa saa chache kwa gari kutoka kwenye mti huo, hajui kama maji aliyompikia mwanawe uji asubuhi ni salama.

Siwaonei wivu nyumbu. Ni umma kama sisi, kama Qur'ani inavyotufundisha katika Suratul An'am, aya ya 38, na wana haki zao. Ninachouliza ni kwa nini ukingo mmoja wa mto una elimu ya kumwaga na ukingo wa pili una fununu. Na jibu, tukisema ukweli, ni kwamba mwenye kuuliza swali ndiye anayepata jibu. Wanyama wamepata watu wa kuwaulizia.

Wamepata hata mawakili. Serikali ilipotangaza mpango wa barabara kukatiza kaskazini mwa Serengeti, kutoka Mugumu kuelekea Loliondo, wanasayansi 27 waliandika mwaka 2010 kuipinga, na mwaka uliofuata wengine wakatoa hesabu zilizoonyesha kwamba njia ya uhamaji ikizibwa nyumbu wanaweza kupungua kwa zaidi ya theluthi. Disemba 2010 shirika la kutetea wanyama la Nairobi, ANAW, likaishitaki Serikali ya Tanzania katika Mahakama ya Afrika Mashariki iliyopo Arusha. Tarehe 20 Juni 2014 mahakama hiyo, katika ngazi yake ya kwanza, ikaizuia Serikali kujenga barabara ya lami ndani ya hifadhi kwa mpango ule, kwa kuwa ungekwenda kinyume na mkataba wa Jumuiya. Unaweza kukubaliana na hukumu ile au usikubaliane. Watu wa Mugumu wanaotaka barabara wana hoja zao na nimezisikia. Lakini tazama ilivyokuwa: mtu wa biolojia, mtu wa hesabu na mtu wa sheria wa kimataifa, kila mmoja kwa fani yake, na nyumbu akapata hukumu.

Binadamu wa Nyamongo nao walipata lao, ila walilifuata mbali. Tarehe 16 Mei 2011 watu watano walipigwa risasi wakafa mgodini. Mwaka 2013 kundi la wanavijiji lilifungua kesi Uingereza dhidi ya African Barrick Gold, juu ya vifo na majeraha ya risasi, na mwaka 2015 ikamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama. Mkurya wa Nyamongo akatafuta haki yake London! Hapo napo ilibidi wapatikane watu waliosoma sheria za makampuni.

Narudi kwetu sisi Waislamu. Mwezi Machi 2008 ilitoka ripoti iliyoonyesha jinsi nchi ilivyokuwa inapunjwa katika dhahabu. Iliandikwa na Mark Curtis na Tundu Lissu, na ilitolewa kwa pamoja na Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT), Baraza la Maaskofu Katoliki na BAKWATA. Wapo miongoni mwetu wenye maneno mengi juu ya BAKWATA, na leo si siku yake. Wakati ule mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3. Sheria ya 2010 ikaufanya 4, na mabadiliko ya 2017 yakaufanya 6. Sisemi ni ripoti ile peke yake iliyofanya hivyo, lakini ilikuwa sauti mojawapo, na jina la Waislamu lilikuwepo. Mwaka uliofuata, ile ripoti ya metali nzito ya akina Bitala iliwasilishwa kwa nani? Kwa CCT. Wenzetu walishika chupa ya maji. Sisi tulikuwa wapi?

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilalamika katika kitabu chake cha Ihyaa kwamba kuna miji ambayo haina tabibu isipokuwa wa dini nyingine, ilhali utabibu ni fardhi kifaya, na wanafunzi wote wamerundikana kwenye fiqhi na mijadala yake. Alikuwa anausema Uislamu wa zama zake, miaka zaidi ya 900 iliyopita. Na mfano wa kinyume chake tunao: Ibn Nafis wa Damascus na Cairo, aliyefariki mwaka 1288, alikuwa mwalimu wa fiqhi ya Kishafii, madhehebu haya haya yetu, na ndiye aliyeeleza jinsi damu inavyopita mapafuni kutoka upande mmoja wa moyo kwenda wa pili, karne nyingi kabla ya Ulaya. Hakuona kwamba moja linamtoa katika jingine.

Vitabu vyetu vya fiqhi vyenyewe vinamhitaji mtu wa fani nyingine. Mgonjwa anayeogopa maji yatamzidishia maradhi, je, aruhusiwe kutayamamu? Wanachuoni wa Kishafii wanamrejesha kwa tabibu mjuzi na mwadilifu. Faqihi anasimama kwenye mpaka wa elimu yake na kumpisha mwenzake. Leo anayepishwa huyo anaweza kuwa mkemia wa maji, mwanajiolojia, daktari wa mifugo, mtaalamu wa kusoma picha za satelaiti. Swali langu ni kama akipishwa atatokea mtu.

Kisha kuna hatari ya upande wa pili, nayo ni kukataa elimu kwa sababu hatumpendi aliyeileta. Mwezi Machi 2022 maji ya Mto Mara upande wa chini, kuelekea daraja la Kirumi, yaligeuka meusi, yakanuka, samaki wakaelea wamekufa. Hapo hata mtoto wa madrasa aliona kuwa sifa zimebadilika. Serikali ikaunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele, aliyepata kuwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kamati ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vilivyomaliza oksijeni ndani ya maji. Nchi ikacheka. Vijiweni, kwenye daladala, hata misikitini baada ya swala, ikawa ni utani: ng'ombe ameuchafua mto mzima!

Allah (S.W.) ametuamrisha katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tuchunguze habari kabla ya kuifanyia kazi, hata iliyoletwa na fasiki, na kuicheka habari nako ni kuifanyia kazi. Tuchunguze basi. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya miaka mitatu kutoka sehemu ya juu ya mto huu huu, upande wa Kenya, kwenye viboko wapatao 4,000. Kinyesi chao kinarundikana kwenye madimbwi, kinaoza. Mvua ikija ghafla lile tope linasukumwa mtoni, oksijeni inashuka, na samaki wanakufa. Kwa hiyo kinyesi kinaua samaki, jambo hilo si la kubuni. Lakini vilevile, kujua kwamba samaki walikosa hewa hakukuambii kwamba hamna kingine ndani ya maji yale. Hayo ni maswali mawili, na kila moja lina kipimo chake. Watu hawakukataa sayansi siku ile. Walikataa kuamini kwa sababu hawakuwa na kipimo chao wenyewe cha mwezi uliopita, wala cha mwaka uliopita, cha kulinganisha. Asiye na kumbukumbu yake hana la kufanya ila aamini au acheke.

Na kwa faida ya wanafunzi wa fiqhi: kwa Imamu Shafii kinyesi cha ng'ombe ni najisi, kwa hiyo maji yale meusi, ikiwa kamati ilisema sahihi, hayakufaa kutawadhia. Kwa Imamu Malik na Imamu Ahmad kinyesi cha mnyama anayeliwa ni twahara, na mjadala unahamia kwenye kama bado yanaitwa maji. Yaani hukmu ya udhu wa mtu wa Kirumi ilikuwa inasubiri ripoti ya mkemia. Haya ndiyo ninayotaka vijana wetu wayaone.

Tunavyo vyuo. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kimekuwa kikifundisha tangu mwaka 2005, Zanzibar University tangu 1998, na vyote vinafundisha sheria pamoja na sharia. Nani ameandika tasnifu juu ya fiqhi ya maji na migodi ya Kanda ya Ziwa? Mtume (S.A.W.) ameyafanya maji, malisho na moto kuwa vitu vya ushirika wa watu, kwa upokezi wa Abu Daud, na ameonya juu ya kuchafua sehemu za maji. Kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana anaijua kila kadhi. Mada zimekaa zinasubiri. Mzazi anayemlipia mwanawe ada ya kwenda Madina au Khartoum kusoma sharia anafanya jema, Allah amlipe. Amtazame pia yule binti yake anayepata alama A katika kemia, ambaye sasa hivi anashauriwa asome chochote chenye ajira ya haraka.

Kwa misikiti ya hapa, kuanzia Tarime mjini, Sirari, Nyamongo hadi Mugumu ng'ambo ya mto, nina pendekezo dogo ambalo nimeshalipeleka kwa baadhi ya maimamu. Sehemu ya sadaka ya Ijumaa itengwe kwa kupima maji mara mbili kwa mwaka, kiangazi na masika. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda Mwanza. Sampuli zinafika kwa basi la asubuhi. Wenzetu wa makanisa tuwakaribishe, mto hauulizi dini ya mnywaji, na wakiwa na vipimo vyao vya zamani tuviombe. Achotaye afundishwe kwanza na mtu wa fani, aandike jina lake, saa na mahali, na majibu yaandikwe katika daftari moja lisilotoka msikitini, yawe mazuri au mabaya. Sehemu za kuchota zisibadilishwe mwaka hadi mwaka. Na sampuli ya kwanza kabisa ichotwe juu, kabla mto haujaufikia mgodi, maana bila hiyo ya juu, za chini zote hazitasema kitu mbele ya jaji.

Wallahu a'lam.